Leodgar Aliyesafisha Kovu

Ndugu zangu, nikiwasimulia habari za Leodgar wa mtaa wa Mwanga msidhani namwonea. Alikuwa na kompyuta moja, feni moja na majivuno ya kutosha wilaya nzima. Kila akiigusa picha aliihifadhi kwa jina jipya: safi, safi2, safi_mwisho, mwisho_kabisa, mwisho_wa_kweli. Ile ya asili aliifuta. "Ya nini, mbovu ile?" Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote.

Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa uwanja wa mpira mjini kwetu, aliingia katika duka lake la picha mama mmoja, Anésie, aliyepotezana na mwanawe Ishimwe, wa miaka sita, katika msukumano wa kupanda meli kule Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani. Karani wa watoto waliopotea pale uwanjani alikuwa amemwambia alete picha ya kubandika. Alikuwa nayo moja tu, kwenye simu. Ishimwe alionekana vizuri, na kovu lake refu kutoka kwenye nyusi hadi sikioni.

"Kaka, nisafishie picha hii," akasema, kama wazee wetu wanavyosema wakitaka picha itolewe kwenye karatasi.

Leodgar yeye akasikia kusafisha. Akaihamishia kwenye kompyuta, simuni hakikubaki kitu, akasafisha kweli: kovu likaondoka, ngozi ikawa kama maziwa ya unga, nyuma yakaota maghorofa.

Anésie akaitazama karatasi. "Uyu si umwana wanje. Si mtoto wangu."

"Dada, hiyo ni mwisho_kabisa! Ngoja uone mwisho_wa_kweli, nimemvalisha tai."

Akazifungua zote. Ishimwe saba, wote wageni. Yule wa kweli hakuwepo popote.

"Umemfuta," Anésie akasema.

"Nimempendezesha! Nyie wakimbizi hamna shukrani."

Anésie akaichukua karatasi isiyo na tai, akaokota kalamu pale pale mezani, akamrudishia mwanawe kovu lake taratibu.

"Unaniharibia kazi!" jamaa akapiga kelele. Kazi!

Karani akaibandika hivyo hivyo kwenye ubao wa uwanjani. Siku ya tatu mama mmoja aliyeshuka melini, Kabura, akasimama mbele ya picha ile, akaweka kidole kwenye wino.

"Kovu hili nalijua. Mtoto huyu nimekuja naye, yuko pale getini anakula muwa. Lakini nani kampaka unga hivi?"

 Anésie, aliyekuwa ameketi karibu na ubao, alikwisha kutimua mbio kuelekea getini.