Chokoleti ya Kupakata

Mama yangu alikuwa na kibuyu cha samli ambacho hakumwachia mtu, hata baba. Tukitoka Nkololo kwenda Lalago kwa dada yake aliyeolewa huko, tulipanda lori la pamba. Magunia yanarushwa juu, mbuzi wanafungwa miguu, lakini kibuyu kinakaa mapajani. Utingo akisema, "Mama, weka huko na mizigo," yeye anamwangalia tu mpaka utingo anatafuta kazi nyingine. Alitulea hivyo: kitu kigumu tupa juu, kitu laini pakata. Lori lenyewe breki zilikuwa za kubahatisha, ila hiyo ni habari nyingine.

Mpaka leo nikipanda basi pale Bariadi na mayai, nayapakata. Sikujua kwamba ndege haitaki hivyo.

Binti yangu wa mwisho yuko Ulaya, anauguza wazee. Alipojifungua akatuma tiketi. Kusema kweli aliyemtaka ni mama yake, lakini magoti ya mke wangu siku hizi hayamfikishi hata kisimani. Akasema, "Nenda wewe, ukaangalie kama wanakula." Nikapeleka michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kuanika juani. Mkwe wangu Mzungu alitafuna kipande kimoja tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, akasema kitamu. Kijana ana heshima.

Siku ya kurudi binti akanifungashia chokoleti. Zile ngumu, za ndugu na majirani, akazitia kwenye begi kubwa katikati ya nguo. Kisha akaleta chupa ya chokoleti laini, ya kupaka.

"Hii ya mama," akasema. "Meno hana, hizo nyingine zitamsumbua. Tangu nihame hajaonja kitu cha mkono wangu. Baba, imfikie."

Akaitia nayo kwenye begi kubwa. Alipokwenda kumvalisha mtoto, mimi nikaitoa, nikaitia kwenye mkoba wa mkononi. Laini, si ndiyo? Inapakatwa.

Uwanjani tukaagana, begi kubwa likaenda zake, nikabaki peke yangu kwenye foleni ya mashine ya kukagua mizigo. Mkaguzi mmoja, mwanamke mpana, akaitoa chupa yangu akatikisa kichwa. Akanionyesha pipa la taka. Nikaigeuza chupa juu chini aone kwamba haimwagiki. Akacheka, lakini kidole kikarudi palepale kwenye pipa. Nikaona nitakavyofika nyumbani, mke wangu ananiuliza mtoto amempa nini.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

Nyuma yangu alisimama mwanaume wa makamo, koti refu, Kiswahili chake cha Dar es Salaam. Nikamweleza. Akaongea na yule mama, akanigeukia.

"Anasema kitu cha kupaka kwao ni kama maji. Haipiti. Mzee ni wa wapi?"

"Bariadi."

"Msukuma! Ndiyo maana. Nashangaa hukuja na ng'ombe."

"Na wewe?"

"Mzaramo."

"Ah, mtani! Mzaramo anajua nini, zaidi ya kucheza ngoma mpaka shamba linaota majani?"

Akacheka, akafungua begi lake, akatoa mkate wa vipande. "Ikiwa ndani ya mkate, anasema, ni chakula tu. Lete hiyo chupa."

"Na wewe utakula nini njiani?"

"Nitamla Msukuma."

Tukasogea pembeni kwenye benchi. Kisu hakuna, tukapaka kwa mpini wa mswaki wangu. Kipande juu ya kipande, mpaka chupa ikabaki nyeupe. Yule mama mkaguzi alikuwa anatuchungulia, nadhani naye alitaka kuonja.

Niseme mapema, nisije nikasahau: mkate ulifika Bariadi umekauka na umebonyea, maana niliupakata safari nzima. Mke wangu akauchovya kwenye chai, akafumba macho. "Huyu mtoto anakula vizuri," akasema, kisha akampigia simu binti, wakalia na kucheka. Kidogo kidogo aliumaliza wote. Zile ngumu za kwenye begi kubwa zilikuwa zimeyeyuka zikashikana na shati langu la kanisani, majirani wakazilamba hivyo hivyo.

Lakini yule mtani. Mkate ulipopita mashine salama, nilitaka kumshukuru ipasavyo, Kiswahili kikanikimbia chote. Nikabaki, "Wabeja, wabeja sana," kama niko kwetu. Jina lake sikuuliza. Nikamwambia angoje ale hata kipande kimoja.

"Huo wa mama," akasema. "Umsalimie. Mwambie Mzaramo anadai michembe."

Akatupa begi begani, akaenda.