Sufuria la Uji na Sindano

Harufu ya spiriti kwenye pamba hunirudisha jikoni mwa shule yetu mpaka leo. Mwalimu wetu alikuwa ameagiza kila mwanafunzi aje na mdogo wake apigwe sindano ya surua. Asiyemleta hapati uji. Nikambeba wangu mgongoni, baridi ya Songea ikituuma. Kufika jikoni, nakuta nesi anachemsha sindano kwenye sufuria letu la uji, ukoko wa jana unaelea! Mwalimu amesimama kando, anatazama tu.

“Shikamoo mwalimu. Hilo si la uji?”

“Marahaba. Litaoshwa. Kapange foleni.”

Lioshwe wapi! Chanjo ilipoisha, wapishi walimwaga yale maji, wakatia mengine na unga humohumo. Mdogo wangu, machozi ya sindano hayajamkauka, alifumba mdomo akakataa katakata. Mimi nilimaliza kikombe changu, nikanywa na chake.