Kalsiamu Iliyobaki Ndani

Nakumbuka siku moja, wala si kwa kupenda, niliyoua seli za mwenzangu huku nimesimama nazitabasamia. Mwanangu, acha kununa. Jana nilikupigia kelele kwa sababu ulifunga mrija wa maabara ukisema seli "zimepumzika". Neno hilo lilinichosha kabla hujazaliwa.

Nilikuwa mwanafunzi hapa hapa Kisumu, kichwa kimejaa majivuno. Mwenzangu Atieno, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Ahero, alikuwa amekuza seli za neva kwenye visahani kwa majuma mengi. Ndizo pekee zilizokuwa zimebaki za utafiti wake, na muda wake wa masomo ulikuwa unayoyoma. Siku hiyo homa ikamshika, akaniachia. "Niangalizie tu," akasema. "Usiguse kitu."

Nikagusa. Seli zilikuwa zimetiwa rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu. Ukiishtua seli kwa umeme kidogo, milango yake inafunguka, kalsiamu inamiminika ndani, seli inang'aa na kumpa jirani yake ujumbe. Kisha mwanga unafifia. Nikadhani ukififia, kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza imeanza! Kalsiamu haiyeyuki kama barafu. Lazima itolewe. Kuna pampu kwenye utando wa seli zinazoitupa nje, kuna nyingine zinazoisukuma kwenye ghala la mle mle ndani, na kuna mlango ambapo sodiamu ikiingia, kalsiamu inatoka. Nje imejaa tele, ndani inatakiwa chembe tu, kwa hiyo pampu hizo zinasukuma kupanda mlima na zinakula nguvu kweli kweli. Nguvu yenyewe inatokana na sukari na hewa, na hizo zilikuwa zikiletwa na maji maalumu yaliyopita kwenye mrija hadi visahanini. Nami, mjuaji wa wajuaji, nikaufunga ili nisimmalizie Atieno maji yake, nikaenda zangu kula omena.

Niliporudi, seli zote zilikuwa zinang'aa bila kushtuliwa, na mwanga haushuki. Nikapiga makofi. Yawa, nilipiga makofi! Nikamwita Mzee Owuor, mtunza maabara, aje aone maajabu.

Akachungulia, kisha akaushika mrija. "Nani amefunga hii?"

"Mimi, Mzee. Zilikuwa zimepumzika."

"Nani alikuambia hizi zinapumzika? Hiyo mwanga unafurahia ni kalsiamu imekosa wa kuitoa. Sasa inazimaliza kutoka ndani. Hizi ni maiti, nyathina, mwanangu."

Akafungua mrija. Ilikuwa bure.

Atieno aliporudi na kuuliza, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Zilikufa tu." Hata leo nikijisikia nikisema hivyo natamani kujizaba kofi. Mzee Owuor alikuwa anapanga chupa pale pembeni. Baadaye akaniita kando. "Mimi sitamwambia," akasema. "Lakini kila asubuhi nitakuuliza kama umemwambia wewe."

Akaniuliza asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee msumbufu yule! Asubuhi ya tatu nikashindwa, nikamfuata Atieno kwenye sinki na kumwambia yote. Aliweka chini kisahani alichokuwa nacho.

"Siku tatu naosha hivi vyombo upya," akasema, "nikidhani mikono yangu ndiyo ina shida. Jana jioni nilimpigia baba. Nimemwambia naacha shule, nirudi tulime."

Hakuacha. Aliomba muda, akapewa, akakuza seli nyingine. Ila kwa mwaka mzima hakuniachia hata kikombe nimshikie.

Basi nisikilize, maana nimechoka kurudia. Mwanga ukizima, usiondoke. Mrija usiufunge, seli iwe inang'aa au imetulia. Na ukiharibu kazi ya mtu, mwambie siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, uanze na neno "mimi". Usimwache ajilaumu kwa kosa lako. Mungu akupe macho ya kuona kazi isiyong'aa, akupe na ujasiri wa kukiri, nami nakuombea hayo kwa moyo wote, hata nikiwa nimekukasirikia hivi.

Sasa inuka. Akoth, mwenye zile seli ulizozifungia mrija jana, yuko mle ndani tangu asubuhi. Nimepita hapo sasa hivi, nikamkuta anaitazama mikono yake.