Nilivyoshika Tarehe Nane

Nimejiaibisha vibaya mno, ndugu zangu. Daktari wa Dar alinambia kwa simu, "Kwa kipimo cha mirija ya uzazi, uje siku ya nane ya mwezi wako." Nami, mwerevu, nikashika tarehe nane. Tukavuka kutoka Mafia, mimi, mume wangu na mama mkwe, nikitapika njia nzima.

Nesi akauliza, "Hedhi ilianza lini?"

"Bado. Huenda leo."

"Dada, siku zinahesabiwa tangu damu ilipoanza. Leo hatukupimi, pengine una mimba."

Mama mkwe alisikia neno la mwisho tu. Akapiga kigelegele, mume wangu akalia kwa furaha, benchi zima likatupongeza. Mimi tumbo lilikuwa likininyonga tangu asubuhi. Nikasimama niwaambie. Gauni lilikuwa limelowa damu. Kigelegele kikakatika.