Nilifunga begi la dharura la mtu mmoja, mvua ikanifungia njiani na mama mkwe

Wakuu, poleni na majukumu.

Niseme mapema, mimi si mtu wa kushtuka. Nimeanza na sinia la mihogo pale Mkata, nakimbilia madirisha ya mabasi, darasa la tano nimeliacha njiani. Leo nina Fuso, nina ghala la mahindi, na wenye digrii wananipigia simu kuuliza bei. Porini nimelala na gari bovu. Niliona hakuna jambo jipya la kunikuta.

Hili limenipata masika haya, na sijalitia chumvi.

Natembea na begi la dharura, wenyewe mnaita survival kit. Nimelipanga kwa mikono yangu: tochi ya kichwani, kamba, kisu, power bank, bandeji, mrija wa kuchujia maji unaonyonya hata dimbwini, biskuti, na glukosi ya unga ya kurudisha nguvu. Vijana wa kijiweni wakaniita komando. Nilipenda.

Siku hiyo nampeleka mama mkwe kliniki Korogwe kwa gari dogo, kutoka kwake Kwedizinga. Ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi amemeza dawa zake ila hajala, anasema anakwenda kupimwa damu.

Kwa wasiojua mila zetu: mama mkwe humsogelei. Shikamoo unaitoa kwa mbali, mkono hampeani, na hamli mkionana. Kwa hiyo yeye yuko kiti cha nyuma amejitanda kanga, na mimi kile kioo cha ndani nimekigeuza kitazame paa, tusije tukagongana macho.

Mvua ikatukuta kabla ya kufika lami. Korongo la mbele limejaa, maji mekundu yanabeba magogo. Nikageuza gari. Lile tulilotoka kuvuka nalo limeshajaa. Tuko katikati, network hakuna, nyumba hakuna.

Kusema ukweli nilifurahi. Komando kapata vita.

Muda ukaenda. Nikamuuliza kwa heshima, macho mbele, kama atakula biskuti. Akajibu, "Nimeshiba, mkwe wangu."

Unamlazimishaje mkwe? Nikachukua pakiti moja, nikatoka na mwavuli kwenda kulia nyuma ya gari, asinione. Nikarudi nimeshiba kweli.

Mnaona kosa lilipo? Mimi sikuliona. Mkwe haulizwi kama ana njaa, jibu lake ni hilo hilo siku zote. Unamwekea chakula, unatafuta sababu, unaondoka. Mke wangu ndivyo anavyofanya. Akija mama yake, chakula kikiiva tu mimi natumwa dukani, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikaanza kumpigia stori ya namna nilivyonunua Fuso. Nyuma kimya. Nikadhani ni adabu, ananisikiliza.

Mara nikasikia sauti ndogo. "Mkwe, nguvu zimeniisha. Nipe kitu kitamu."

Nikageuka. Kanga imemwanguka, uso unatiririka jasho na nje ni baridi, mikono inatetemeka. Nikampa pakiti, ikamponyoka.

Wakuu, nilishtuka. Nikaona nafika nyumbani kumwambia mke wangu mama yake amefia kwenye gari langu, begi la komando likiwa kiti cha mbele.

Nikahamia nyuma. Nikakishika kichwa cha mkwe wangu, kiko wazi, nikakiegemeza begani. Nikakoroga glukosi na maji kwenye kifuniko cha chupa, nikamnywesha kidogo kidogo. Meza mama, meza. Ule mrija wa kunyonya dimbwini ungenisaidia nini hapo?

Baada ya muda akafumbua macho, akavuta kanga yake, akasema, "Sasa toka nje, nile."

Nikamwachia biskuti zote. Nikasimama mvuani nimelipa gari mgongo, nalowa, namshukuru Mungu.

Alasiri korongo likapungua, tukafika Korogwe. Nesi akasema sukari ilikuwa imeshuka, na dawa zile hazitaki tumbo tupu. Ningechelewa kidogo na ile glukosi, angezimia.

Nilichojifunza: begi nililipanga kana kwamba nitakwama peke yangu. Huku kwetu nani anasafiri peke yake? Mpangie na yule anayeona aibu kuomba. Uliza anaumwa nini kabla ya kuwasha gari. Na kama ni mkwe wako, mwachie chakula utoke, hata kama nje kunanyesha.

Wenye ujuzi mniambie mengine ya kuongeza begini. Wa kunicheka nao karibuni.

Maana juzi mke wangu kaleta ujumbe, anajizuia kucheka: mama anashukuru sana nimemwokoa, ila nimemshika kichwa, na mila inataka mbuzi na doti ya kanga kuondoa aibu. Sikubisha. Mbuzi laki na kumi, kanga elfu kumi na nne na mia tano, bodaboda ya kumfikisha mbuzi Kwedizinga elfu sita.

Jumla imenitoka shilingi 130,500.