Siku Tuliyozamisha Chelezo

Mimi ni mtu wa Gare, wa baridi na ukungu. Nikaolewa kisiwani, kule bondeni upande wa Mazinde, mahali mto unapogawanyika na kuzunguka kipande cha ardhi chenye nyumba chache na migomba. Maji niliyaogopa kuliko simba. Wifi yangu alinicheka mpaka mbavu zikamuuma. "Mama wa milimani, panda tu, chelezo hakina meno!" Wenye meno walikuwa mamba, naye alilijua hilo vizuri sana.

Chelezo chenyewe kilifungwa kwa ile miti myepesi inayochipuka katikati ya mkonge, tuliyoipata ng'ambo kwenye mashamba. Kilivutwa kwa kamba iliyotoka mti wa huku hadi mti wa kule. Na kisiwani kulikuwa na jambo moja lisilo na mjadala: mtu akiita kutoka ng'ambo, anavushwa. Awe mgomvi wako, awe mlevi, aliye karibu na kamba anaacha jembe na kwenda kuvuta. Mkitaka kutukanana, mtatukanana akishavuka. Nilikipenda kisiwa kile kwa ajili ya hilo tu.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamishiwa vijijini. Tuliambiwa twende tukajenge kando ya barabara kuu. Tukasema sawa, tukishavuna mpunga. Lakini asubuhi tukawa tunaona moshi ng'ambo, leo huku, kesho kule, na si moshi wa kuchoma magugu. Walikuwa wanachoma nyumba za waliokawia.

Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto alikaa vibaya, miguu chini. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mkunga wetu, hapakuwa na mwingine. Kila jioni alinipaka mafuta tumboni na kumsukuma taratibu ageuke. "Mkaidi huyu, kama baba yake," alisema, "lakini kwangu mimi atatoka tu." Nilimwamini kabisa.

Siku hizo kaka yake mama mkwe akafariki Mazinde. Ikabidi aende kuzika.

"Shikamoo mama. Usikawie."

"Marahaba mwanangu. Kesho nipo. Uchungu ukinitangulia, asikuvute mtu mtoto. Umenisikia?"

Jioni ile ile wanaume wakakaa kikao. Lori la wale wa kuhamisha watu lilikuwa limeonekana karibu na mto, wakasema tukizamisha chelezo hakuna atakayetufikia mpaka mpunga uingie ghalani. Nikauliza kutoka nilipokuwa nimekaa: "Na mama je?" Wakanijibu kwa upole, kama unavyomjibu mtoto, kwamba mama atakaa msibani mambo yapoe. Mume wangu akainamisha kichwa. Wakakata kamba, wakakitwisha chelezo mawe. Na miti ya kufungia kingine iko ng'ambo! Watu wazima wale, jamani! Hata leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Uchungu ulinianza asubuhi. Jua halijapanda sana tukasikia sauti: "Jamani, chelezooo!" Alikuwa yeye. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Sidhani kama aliwahi kuita mara mbili maisha yake yote.

Wifi akakimbia hadi ukingoni akamweleza. Mume wangu akashika panga, akaanza kukata migomba aifunge ivushe mtu, wazee wanamkemea, yeye anakata tu. Na mama mkwe wangu, weee, hakupoteza muda kulaumu mtu. Alisimama kule akapaza sauti: "Apige magoti! Asisukume bado!" Wifi anakimbia, anarudi, anakimbia. "Mguu mmoja au yote miwili? Mfunikeni kwa nguo ya joto, msimvute!" Mimi mwenyewe nilikuwa naisikia sauti yake kupitia ukuta wa udongo, na woga ukapungua. Miguu ikatoka, kiwiliwili kikatoka, mabega yakatoka. Kimebaki kichwa.

Wifi akaenda kuuliza habari ya kichwa. Alikuta lori limefika, na migomba ya mume wangu haijafungwa bado. Mgambo wawili walikuwa wanampandisha mama nyuma, na injini inanguruma, sauti ya mama haivuki tena. Kwa hiyo alinyanyua mikono. Akawa anaonyesha kwa vidole, hivi, halafu hivi, lori likiondoka bado anaonyesha.

Wifi alirudi akaigiza ile mikono mbele yetu, akilia. Mmoja wa wanawake walionizunguka akasema inamaanisha kuinua, mwingine akasema kukandamiza. Wakabishana juu yangu. Mwanangu alikuwa wa kike, na alikuwa na nywele nyingi. Hakulia, wala hakupumua.

Siku chache baadaye wale watu wa kuhamisha walikuja na mtumbwi wao, wakavuka bila taabu yoyote. Chelezo tulichozamisha hakikumzuia mtu isipokuwa mkunga. Tukapakiwa sote, na mabati, na kuku, hadi kando ya barabara.

Mama mkwe wangu alikuwa ameshakuja kutusubiri pale. Hakuna aliyekuwa amempelekea habari. Lori liliposimama alisukuma watu akaja mbele, begani ana kanga mpya ambayo haijafuliwa bado, akaninyooshea mikono yote miwili nimpe mjukuu wake.