Parachuti la Mkiani

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote za jeshini, mwanangu, ilikuwa siku ya mvua, wakati wa vita vya Kagera. Uniwie radhi mapema. Mimi nimeishia darasa la saba, Kiswahili changu ni cha shule na cha soko la Nachingwea, na habari za ndege sitazieleza kama wataalamu. Wajukuu zangu huku Ruangwa hupenda kuwaambia wenzao kwamba bibi yao alirusha ndege za vita. Hapana. Bibi yao alikunja maparachuti.

Ndege zile zilitua kwa kasi mno, kwa hiyo mkiani ziliwekewa parachuti la breki. Magurudumu yakigusa chini, rubani analifungua, linajaa upepo na kuivuta ndege kwa nyuma. Kisha analiachia, sisi tunalifuata kwa gari, tunalianika, tunalikunja upya na kulirudisha mahali pake. Kazi hiyo niliifanya chini ya Sajini Nandonde, mtu mzima wa Kimakonde, mpole ila mkavu wa maneno.

Wanaume wa kikosi walinitania. Athumani, dereva wa gari la mafuta, kila akipita alisema, "Fundi Somoe, nipunguzie suruali basi!" Nilicheka nao, lakini moyoni niliamini wanachosema. Niliona vita ni vya marubani, mimi nimekuja kukunja nguo. Ndiyo maana kila jibu langu lilianza na "nadhani". Siku moja Sajini aliniuliza kama parachuti limekauka, nikajibu kama kawaida yangu. Akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Nadhani hiyo ni ya nani, ya rubani au yako?"

"Yangu, afande."

"Basi kaa nayo. Usimfungie mwenzio mkiani. Limekauka au halijakauka, uniambie moja."

Nilinuna. Nilimwona ananionea bure, na nadhani nilinuna siku kadhaa.

Sasa hiyo siku ya mvua. Tulikuwa kwenye uwanja wa mbele, kanda ya Ziwa. Njia ya kurukia ilikuwa fupi, imejaa maji, na mwisho wake kulikuwa na korongo. Maparachuti yote yalikuwa yamelowa. Sajini alikuwa ameondoka na gari kwenda kambi kubwa kutafuta mengine, nikabaki peke yangu na moja nililolitundika ndani tangu asubuhi, limekunjamana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

Luteni wa zamu akaingia anakimbia. Askari wetu wa miguu walikuwa wamebanwa huko mbele, wanaomba ndege, na mawingu yalikuwa yamepanda kidogo.

"Funga hilo, ndege iruke!"

Nikalishika. Juu lilikuwa kavu kabisa. Nikasukuma mkono katikati, kama tulivyofanya nyumbani Nambilanje kwenye miganda ya ufuta, maana mganda hudanganya kwa nje. Ndani kulikuwa na maji. Kitambaa kimegandana.

"Halijakauka, afande."

"Una uhakika?"

Mwanangu, nilitafuta lile neno langu la kujifichia, likanikimbia. "Nina uhakika. Likigandana halitafunguka."

"Wenzetu wako matopeni wanapigwa, wewe unaniambia habari za kitambaa?"

Sitamsema vibaya Luteni yule. Alikuwa na watu wengi wa kuwaonea uchungu, mimi nilikuwa na mtu mmoja. Wote wawili tulikuwa na haki. Mtu wangu, yaani rubani, kapteni kijana, alikuwa amesimama mlangoni anavaa glavu. Akaniuliza taratibu, "Binti, lisipofunguka nitaishia wapi?"

"Korongoni, afande."

Akamtazama Luteni, akacheka kidogo. "Huko mimi siendi. Likaushwe."

"Kwa jua lipi?" Luteni akauliza.

Nikasema jikoni kuna makaa. Hata sijui sauti ile niliitoa wapi. Tukalibeba mbio mpaka kwenye banda la jikoni. Wapishi wakainua masufuria, walinzi wakaitwa, Athumani akaja na madereva wenzake, kila mtu akashika ncha. Tukalitandaza juu ya makaa, juu sana, mikono yetu imenyooka.

"Inueni!" nilipiga kelele. "Nailoni hii! Ikiungua tumekwisha!"

"Mikono inakufa ganzi, dada!"

"Ife! Inua, Athumani!"

Wengine walipepea kwa sahani za bati. Mimi nilipita chini yake na viganja vyangu, napapasa mshono kwa mshono. Nilipogeuka nilimwona Luteni naye ameshika ncha, jasho linamtiririka. Nilipofika mshono wa mwisho nikasema, "Limekauka." Hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Nikalikunja, likafungwa, ndege ikaruka na kupotea mawinguni.

Tuliposikia inarudi, kambi nzima ilitoka kusimama kwenye mvua. Ikagusa chini. Maji yakaruka pande zote mbili, na kwa kitambo hapakuwa na kitu mkiani. Halafu likachanua! Jeupe, limejaa, limenyooka, ndege ikavutwa, ikavutwa, ikasimama mbali kabisa na korongo. Athumani akaninyanyua juu kama mtoto.

"Somoe wee! Dege zima umelivuta kwa mkono!"

Lakini niliogopa kuuliza habari za wale waliobanwa, maana tuliwachelewesha. Vita vilipokwisha kwa ushindi, nilikutana sokoni Nachingwea na mtu wa Marambo, naye alikuwa mmoja wao. Aliniambia ndege ile iliwakuta bado wameshikilia mahali pao, adui akakimbia, wao wakapiga vifijo mpaka sauti zikakauka. Nililia sokoni mbele za watu, kwa furaha.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipewa kazi ambayo uhai wa mwingine umeiegemea, iwe kukaza breki ya pikipiki au kumpimia mgonjwa dawa, ijue mpaka ndani, na unachokijua ukiseme mbele ya yeyote. Unyenyekevu ni mzuri, usiugeuze maficho. Na ukishasema kazi haijawa tayari, usikunje mikono. Ningeishia kusema tu, ningekuwa nimesema kweli na watu wa mbele wangekufa. Shika ncha yako, waite wenzako.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kusema na watu wa kukusaidia kuinua. Kila atakayeitegemea kazi ya mikono yako, amrudishe kwao salama. Amin.